Mguu Usiokuwepo Ukiuma Usiku: Waliokatwa Viungo Wanavyosaidiana kwa Simu

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa kaunti, familia za wagonjwa na wahudumu wa afya wa jamii



Mtu akikatwa mguu hospitalini, siku za kwanza huzungukwa na watu. Kuna daktari, kuna wauguzi wa zamu, kuna jamaa wanaoleta uji kwenye chupa ya chai, kuna mchungaji au imamu anayepita wodini kuombea wagonjwa. Kidonda kikianza kufunga na bili ikishughulikiwa, anaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili, bendeji, dawa za maumivu na karatasi ya kurudi kliniki. Majirani huja kumpa pole wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya tatu wamerudi shambani na sokoni. Ndipo saa nane za usiku, vidole vya ule mguu uliokatwa vinaanza kuuma.

Vidole hivyo havipo, na anajua havipo. Lakini vinauma kana kwamba vimefinywa mlangoni, au vinawasha na hakuna pa kukuna. Amwambie nani? Akimwamsha mkewe, anaogopa ataonekana amerukwa na akili. Akimwambia mzee wa nyumbani, huenda akajibiwa kwamba mguu haukuzikwa vyema, au kwamba kuna mkono wa mtu. Basi ananyamaza, na usiku unaofuata ananyamaza tena.

Siku hizi wapo wasionyamaza. Wanachukua simu na kuandika swali kwenye kundi la WhatsApp au la Facebook la watu waliokatwa viungo. Kabla hapajapambazuka, kuna mwingine aliye macho, pengine yuko Busia, pengine Voi, anayejibu kwamba hata yeye yanampata, kwamba kwake ni kidole gumba, kwamba yalipungua baada ya miezi kadhaa ingawa hayajaisha kabisa, na kwamba kusugua kigutu polepole kwa kiganja humsaidia kupata usingizi. Kigutu, kwa wasiolizoea neno hili, ni ile sehemu ya mguu au mkono inayobaki baada ya kukatwa.

Jibu hilo halimalizi maumivu. Linamaliza hofu ya kwamba ni yeye peke yake duniani.

Na kwa kweli si yeye peke yake. Daktari Mfaransa Ambroise Paré aliandika juu ya maumivu haya katika karne ya 16. Mwaka 1871, daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyetibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyapa hisia hizo jina la kiungo cha mzuka. Jina lenyewe si zuri, hasa kwa nchi ambako watu tayari wanashuku uchawi, na ndiyo maana hapa tunasema maumivu ya kiungo kisichokuwepo. Chanzo chake kinaeleweka kiasi. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na ramani hiyo haikatwi pamoja na mguu. Mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo huendelea kutuma ishara, na ubongo huzisoma kana kwamba zinatoka kwenye vidole vile vile vya zamani. Walio wengi kati ya watu waliokatwa kiungo huyapata maumivu haya kwa kiwango fulani. Hayana uhusiano wowote na mguu kuzikwa vibaya.

Yapo pia ya kufanya. Katika miaka ya 1990, mtafiti Vilayanur Ramachandran wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego alionyesha njia ya kutumia kioo. Mgonjwa huketi na kioo kirefu kikiwa kimesimama katikati ya miguu, upande unaoakisi ukielekea mguu mzima. Akiutazama mguu huo ndani ya kioo, macho huona miguu miwili. Anapokunja na kukunjua vidole polepole, ubongo huona kama ule uliokatwa nao unalegea, na baadhi ya watu hupata nafuu. Haimsaidii kila mtu. Kioo cha kabati kinatosha, na video fupi ya mtu anayefanya hivyo chumbani kwake, ikitumwa kwenye kundi, hufundisha kuliko maelezo ya karatasi. Pia zipo dawa ambazo daktari anaweza kuandika, tofauti na dawa za kawaida za kutuliza maumivu. Mgonjwa asiyejua kwamba tatizo lake lina jina hataziomba.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari mzuri anajua namna ya kukata, kushona na kuzuia maambukizi, na bila yeye hakuna mazungumzo mengine. Lakini daktari mwenye miguu miwili hajawahi kuingia kwenye choo cha shimo usiku wa mvua akiwa kwenye magongo. Hajui kwamba gongo lisilo na mpira chini huteleza kwenye sementi iliyolowa na huzama kwenye tope. Aliyeanguka mara mbili ndiye anayejua kwamba ni heri kufunga mti imara wa kushika ukutani, au kumwomba seremala atoboe kiti cha mbao na kukiweka juu ya shimo, kabla mgonjwa hajatoka hospitali.

Maswali ya watu hawa ndivyo yalivyo. Unaogaje umesimama kwa mguu mmoja? Unabebaje kikombe cha chai mikono yote ikiwa kwenye magongo? (Chai hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko, chupa ikaingia kwenye mkoba wa begani.) Aliyekatwa mkono anasongaje ugali, wakati sufuria inazunguka pamoja na mwiko? Jibu la swali hili linaweza kuwa picha ya kishikio cha chuma ambacho fundi wa jua kali amekichomelea ili kibane masikio ya sufuria. Anakamuaje nguo? Anaizungusha kwenye bomba au kwenye tawi, kisha anaipinda kwa mkono mmoja. Mambo haya hayamo kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Halafu kuna viatu. Mguu bandia hauvai kiatu chochote tu. Fundi huupanga kulingana na urefu wa kisigino cha kiatu ambacho mwenye mguu alikuja nacho. Akibadilisha ghafla kutoka kiatu cha kisigino hadi ndala, mwili mzima huinamia nyuma na anaweza kuanguka. Aliyepata mguu bandia mara ya kwanza na hakuelezwa hudhani mguu umeharibika. Kwa upande mwingine, asiye na mguu bandia hununua jozi nzima na kuvaa kimoja, na kingine hukaa kwenye sanduku. Katika makundi haya watu hukutana kwa saizi: aliyekatwa mguu wa kulia na aliyekatwa wa kushoto, wote saizi 8, wanagawana jozi moja na kutumiana kiatu kwa matatu.

Wazo la mtu kusaidiwa na mwenzake aliyepitia hali hiyo hiyo halikuanza na simu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilibaki na askari zaidi ya 40,000 waliopoteza mkono au mguu. Kutoka miongoni mwao, mwaka 1932, kikaanzishwa chama cha kitaifa cha askari waliokatwa viungo, BLESMA, ambacho kipo hadi leo. Nchini Marekani, shirika la Amputee Coalition lilianza mwaka 1986. Kazi yake mojawapo ni kuwafunza watu waliokatwa viungo ili wawatembelee wagonjwa wapya. Anayetumwa huchaguliwa kwa kuangalia umri, jinsia na kiungo kilichokatwa, kwa sababu mama wa watoto wadogo aliyepoteza mkono hana maswali sawa na mzee wa kisukari aliyepoteza mguu. Siku hizi ziara hizo hufanywa pia kwa simu na kwa video.

Kwa Kenya, simu ina maana zaidi kuliko huko. Fikiria chama cha kawaida, kile cha kukutana chini ya mwembe kila Jumamosi. Chama hicho hustawi kwa sababu wanachama ni majirani. Waliokatwa viungo si majirani. Kijijini anaweza kuwa mmoja tu, na anayefuata yuko wadi nyingine, kilomita 30 za barabara ya vumbi. Kuwakutanisha kunahitaji nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, kwa watu ambao tatizo lao la kwanza ni kutembea na ambao wengi wao wamepoteza kazi pamoja na mguu. Katika kaunti kubwa kama Marsabit au Tana River, safari hiyo inaweza kula siku nzima. Bando la shilingi 20 linafanya kazi ambayo nauli ya shilingi 1,000 ilishindwa kuifanya.

Hata hesabu yao haijulikani vyema na umma. Sensa ya 2019 ilipata takriban Wakenya 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi wanaoishi na ulemavu, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi. Lakini sensa hiyo iliuliza mtu anapata ugumu gani wa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Haikuuliza nani amekatwa kiungo. Kwa hivyo aliyekatwa mguu kwa ajali ya bodaboda, aliyekatwa kwa kisukari, aliyeumwa na nyoka akachelewa kufika hospitali, kijana aliyepatikana na saratani ya mfupa, na mfanyakazi aliyenaswa mkono na mashine ya kusaga, wote wamo ndani ya nambari moja kubwa na hakuna anayemjua mwenzake. Kundi la simu ndilo linalowakutanisha.

Ujumbe wa sauti nao umefungua mlango kwa wasiosoma. Bibi wa miaka 70 asiyejua kuandika anaweza kushikiliwa simu na mjukuu, akaeleza shida yake kwa lugha anayoizoea, akasikia sauti ya bibi mwenzake ikimjibu. Kwa wanawake hasa, ni vyema kuwe na kundi lao peke yao. Mjamzito mwenye mguu bandia huona kikombe cha mguu, kile ambacho mafundi hukiita soketi, kikimbana kadiri mwili unavyojaa, na hana hamu ya kuliuliza hilo mbele ya wanaume 200. Vivyo hivyo maswali ya ndoa. Wapo waliokatwa mguu wakaacha kulala chumba kimoja na mume au mke kwa aibu ya kigutu, na miezi ikapita bila neno. Wazazi wa watoto waliokatwa viungo nao wana yao: mtoto anakua, na mguu bandia wa mwaka jana leo ni mfupi. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, ambayo hutibu watoto wenye ulemavu wa viungo, hupokea wazazi kutoka mbali, na mzazi aliyewahi kwenda ndiye anayejua kumwandaa anayeenda mara ya kwanza.

Sasa, ndugu wananchi, ni lazima upande wa pili usemwe wazi.

Kundi si kliniki. Hapa ndipo baadhi ya makundi hukosea, na kosa lake linaweza kukata mguu wa pili. Mwenye kisukari aliyepoteza mguu mmoja yuko katika hatari kubwa ya kupoteza na wa pili, kwa sababu ugonjwa uliofanya kazi kwenye mguu wa kwanza bado uko mwilini. Miguu ya kisukari hupoteza hisia. Msumari unaingia, jiwe linakaa ndani ya kiatu kutwa nzima, na mtu hasikii. Akituma picha ya kidonda kwenye kundi na kujibiwa na watu kumi, mmoja akisema apake asali, mwingine majivu, wa tatu majani fulani yaliyomponya shangazi yake, siku tano zinapita. Katika siku hizo tano kidonda kinafika kwenye mfupa. Jibu sahihi la kundi kwa picha ya kidonda ni moja tu: nenda zahanati leo. Anayetoa jibu hilo hajakosa huruma.

Vivyo hivyo kwa kigutu. Wekundu kidogo baada ya kuvua mguu bandia ni jambo la kawaida ikiwa unapotea baada ya dakika chache. Wekundu usiopotea, malengelenge, joto, uvimbe, usaha, harufu, ngozi kubadilika rangi kuwa nyeusi, au homa, hayo si ya kujadiliwa. Mguu bandia unavuliwa, hauvaliwi juu ya kidonda, na mtu anakwenda kuonwa.

Lakini kuna mengi ambayo kundi linaweza kuyasisitiza bila hatari yoyote, kwa sababu ndiyo hayo hayo wahudumu wa afya wanayoyafundisha na wagonjwa huyasahau. Kigutu kilichopona huoshwa kila jioni kwa sabuni isiyo kali na maji, kikakaushwa vizuri, hasa kwenye mikunjo. Soksi za kigutu hufuliwa kila siku, maana jasho la jana ndilo upele wa kesho. Aliyekatwa chini ya goti asilale na mto chini ya goti, ingawa ndivyo mwili unavyotaka, kwa sababu goti huzoea kukunjika na baadaye halinyooki, na goti lisilonyooka haliwezi kutembelea mguu bandia. Alale kifudifudi kwa muda kila siku ikiwa daktari hajamkataza. Bendeji ifungwe kwa mtindo wa nambari 8, ikaze zaidi mwishoni na kulegea kadiri inavyopanda. Ikifungwa kama kamba kwenye gunia, damu haipiti.

Na kigutu hubadilika. Mwaka wa kwanza hupungua sana, na soketi iliyotosha mwezi wa tatu huanza kucheza mwezi wa nane. Wengi huacha mguu bandia nyuma ya mlango wakati huu, wakisema umewakataa. Dawa yake kwanza ni kuongeza soksi, kisha kurudi kwa fundi. Aliyekwisha kupita hapo akilisema hili kwenye kundi, linasikika kuliko likisemwa na mtu mwenye koti jeupe. Ni jambo la ajabu kidogo, lakini ndivyo binadamu walivyo.

Hatari ya pili ni matapeli. Mtu aliyekaa miezi sita akisubiri mguu ni windo rahisi. Anaandikiwa ujumbe wa faragha kwamba shirika la ng'ambo linatoa miguu ya bure, jina lake limepita, na kilichobaki ni ada ndogo ya usajili ya kutumwa kwa M-Pesa. Mguu haufiki. Mradi wa kweli humwona mgonjwa kwanza, humpima kigutu, na hautumi maombi ya pesa usiku kutoka nambari isiyojulikana. Kuna pia wanaouza miguu iliyokwisha kutumiwa. Nyayo na vyuma fulani vinaweza kutumika tena mikononi mwa fundi aliyesomea kazi hiyo, lakini soketi hutengenezwa kwa umbo la kigutu cha mtu mmoja. Kuvaa soketi ya marehemu mjomba ni kujitafutia kidonda.

Hatari ya tatu haisemwi mara nyingi, nayo ni picha. Wapo watu wenye viungo vyote wanaojiunga na makundi haya kwa majina ya uongo ili kukusanya picha za wanawake waliokatwa viungo, kwa tamaa zao. Wapo wengine wanaochukua picha ya mgonjwa na kuisambaza kwa kumcheka, au kumwombea michango ambayo haitamfikia. Msimamizi wa kundi asimwingize mtu ambaye hakuna anayemjua. Simu ya dakika mbili kabla ya kumkubali mtu huwatoa wengi wa namna hiyo. Picha ya kigutu ikihitajika, isiwe na uso, wala sare ya shule, wala bango la kijiji nyuma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inaharamisha kusambaza picha za faragha za mtu. Anayetendewa hivyo ana haki ya kupeleka malalamiko kituo cha polisi, akiwa na ushahidi wa skrini.

Basi kundi zuri linaonekana vipi? Wasimamizi wake ni zaidi ya mmoja, na angalau mmoja amekatwa kiungo miaka kadhaa iliyopita. Hakuna matangazo ya mikopo, siasa wala video za kuchekesha za saa sita usiku. Yanayosemwa ndani hayatoki nje. Mtu mpya hupokelewa kwa jina, na halazimishwi kusimulia ajali yake. Kundi likiwa na fundi wa viungo bandia au muuguzi anayepitia mara kwa mara kusahihisha, hilo ni bahati. Makundi ya watu 40 wanaojuana huwa na faida kuliko ya watu 1,000 wanaotumiana salamu za asubuhi, ingawa yale makubwa yana uzuri mmoja: saa yoyote ya usiku kuna aliye macho.

Kuna pia usiku ambao mtu haulizi juu ya soketi. Anaandika kwamba amechoka na maisha, kwamba amekuwa mzigo, kwamba watoto wangekuwa afadhali bila yeye. Hapo kundi lisijibu kwa mistari ya kutia moyo pekee na kuendelea na mengine. Anayemjua ampigie simu mara moja, jirani au jamaa aliye karibu aende nyumbani kwake, na asiachwe peke yake mpaka aonwe hospitalini. Nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, hupokea simu za watu wanaohitaji ushauri wa kisaikolojia. Kupoteza kiungo ni msiba. Wapo wanaoulia kwa miezi, wapo wa miaka, na anayechelewa kupona moyoni si mwoga.

Jambo moja ambalo makundi haya yamelifanya vizuri ni kuelekezana kuhusu haki. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata vifaa vya kumwezesha kuishi na hali yake. Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, huanza na kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Aliyesajiliwa anaweza kuomba msaada wa vifaa, na mwenye ajira anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Wengi waliokatwa viungo hawajisajili kwa sababu hawapendi kuitwa walemavu. Hilo linaeleweka. Lakini mara nyingi aliyepata kadi akaipiga picha na kueleza alipitia dirisha gani, siku gani, akiwa na makaratasi gani, ndiye anayewatoa wenzake nyumbani. Kuhusu viungo bandia vyenyewe, Shirika la Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK, lililoanzishwa 1958, lina karakana zake, na baadhi ya hospitali kubwa za umma zina idara za mafundi wa viungo. Kabla ya kulipa nauli, ni busara kupiga simu kwanza. Tena, aliyekwenda wiki iliyopita anajua kama fundi yuko na kama vifaa vipo.

Ombi kwa wauguzi wa wodi za upasuaji ni dogo. Siku ya kumruhusu mgonjwa, pamoja na bendeji na karatasi ya kliniki, aulizwe kama angependa kuzungumza na mtu aliyepitia hali hiyo. Akikubali, nambari yake ichukuliwe kwa ridhaa yake. Akikataa, aulizwe tena siku ya kliniki, kwa sababu anayekataa akiwa kitandani mara nyingi hukubali baada ya mwezi mmoja wa usiku mrefu. Ombi kwa wahudumu wa afya wa jamii ni kwamba, wanapopita nyumba kwa nyumba, wasiishie kwa anayewafungulia mlango. Aliyekatwa mguu huenda amelala chumba cha ndani, na familia haikusema yupo.

Kisha wapo wasio na simu ya kupangusa. Katika nyumba nyingi simu hiyo ni moja, na hushinda na kijana aliyeenda kibaruani. Mwenye kabambe hawezi kuingia WhatsApp, lakini anaweza kupigiwa. Kundi lenye mpango humpangia mtu mmoja wa kumpigia, siku na saa ile ile kila wiki, tuseme Jumapili saa moja jioni baada ya kazi za nyumbani. Mazungumzo huwa ya dakika tano: kigutu kikoje, soketi inacheza au haichezi, umelala usiku ngapi wiki hii, kliniki ni lini. Aliye upande wa pili hujua saa hiyo ikifika, na huiweka simu karibu.